Faraja ni Nani

Wanakwaya walikuja Jumapili baada ya ibada, bado wamevaa sare za kijani ambazo Mama Pasi mwenyewe alikuwa amezinyoosha. Walijibana katika chumba cha mbele, kile kile cha kufulia na kupigia pasi, katikati ya mashati ya watu yaliyoning'inia kwenye waya. Fundi, mumewe, alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mguu wa kuburuta na maneno mawili tu, "haya haya", ambayo aliyatumia kwa salamu, kwa njaa na kwa maumivu. Mtu aliyetumia maisha yake kufunga na kufungua vitasa vya watu, sasa mdomo wake ndio uliofungwa.

Mwalimu wa kwaya alisema wasimchoshe mgonjwa. Wataimba wimbo mmoja tu, ule anaoupenda mama mwenye nyumba. Mama Pasi akajua ni upi kabla hawajatafuta sauti.

*Ee Mwokozi, ingia ndani,*
*mlango wangu u wazi;*
*kiti chako kiko mezani,*
*sili bila wewe, Mwenyezi.*

Tangu utotoni wimbo huo ulikuwa ukimfanyia jambo asiloweza kumweleza hata mchungaji. Wenzake walipouimba walimwona Bwana amesimama nje akibisha. Yeye alijiona mwenyewe ndiye aliye nje, mdogo, na mlango ni wa watu wengine. Hakukosa kulia hata mara moja, na watu wakasema huyu mama ana imani kweli. Pengine ndiyo ilikuwa imani, nani ajuaye. Aliimba huku vidole vyake vikigonga pajani, kila pigo likichelewa kidogo nyuma ya neno, tabia ambayo mwalimu wa kwaya alishachoka kumkanya.

Walipofika mstari wa tatu, sauti nyingine ikaingia kutoka dirishani. Fundi alikuwa anaimba. Si kuguna, anaimba, maneno mazima yaliyonyooka, mtu ambaye asubuhi hiyo alishindwa kusema "maji". Nesi wa zahanati alikuwa amewadokeza kwamba hutokea hivyo, kwamba maneno yaliyoshindikana kusemwa huweza kutoka kwa wimbo, lakini kusikia ni kitu kingine. Wanawake wa sauti ya kwanza wakaanza kulia. Mwalimu akainua mkono, kwaya ikanyamaza kumwachia mgonjwa nafasi, naye akarudia ubeti wote peke yake, macho mlangoni.

*Ee Faraja, ingia ndani,*
*mlango wangu u wazi;*
*kiti chako kiko mezani,*
*sili bila wewe, mpenzi.*

Vilio vilikatika. Mtu mmoja akakohoa. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye kwa kawaida hana siri wala pazia, akaanza kutazama dari kwa bidii.

"Labda ni kitabu kingine," alisema mwalimu wa kwaya. "Madhehebu mengine yana maneno yao."

"Kitabu gani hicho kinachomwita Mwenyezi mpenzi?" aliuliza Mama Pasi.

Mwalimu akasema tuombe. Waliomba kwa haraka, wakaaga kwa haraka zaidi. Huko nje, kabla hawajafika njia panda, Mama Pasi aliwasikia wakicheka kicheko kile cha watu wanaojaribu kutocheka.

*

Kazi ya udobi ilikuwa imemfundisha kutomwamini mtu kwa sababu ya shati safi. Alikuwa anajua nani katika mtaa analala kwake na nani halali. Alikuwa amefua rangi za midomo ambazo si za mke, ametoa mifukoni tiketi za safari zisizojulikana nyumbani, na hakuwahi kufungua kinywa. Aliwahurumia wake zao kwa mbali, kwa kiburi kidogo, kama mtu mwenye paa zuri anavyowahurumia wanaovujiwa. Sasa mvua ilikuwa imeingia kwake, tena mbele ya kwaya nzima.

Na majina yenyewe ni mitego. Ingekuwa jina jingine, angejua moja kwa moja kwamba ni mtu. Lakini faraja ni faraja. Mtu yeyote angeweza kusema mgonjwa anaomba kufarijiwa, na mchungaji angesema amina. Wanawake wangapi wanaitwa Faraja? Alimkumbuka mmoja anayeuza vitambaa, na mwingine wa benki mwenye viatu virefu. Hilo neno "mpenzi" ndilo lililomaliza ubishi.

Alisimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni.

"Faraja ni nani?"

"Haya haya," alisema Fundi.

"Si haya haya. Nakuuliza ni nani. Unaweza kumwimba, unaweza kumwonyesha. Anakaa upande gani?"

Fundi aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, kwa taabu, akamnyooshea kidole. Akakishikilia hapo, kimeelekea kifuani kwa mkewe hasa.

"Usininyooshee kidole," alisema Mama Pasi. "Ukitenda wewe, kosa langu mimi?"

Mkono ukashuka. Machozi yakamtoka mzee wa watu, na hayo nayo Mama Pasi aliyaandika upande wa ushahidi. Jioni ile alihamishia godoro lake chumba cha pasi, akalala chini ya mashati ya waume wa wenzake.

Kesho yake alifungua kabati. Shati la Alhamisi analijua. Fundi alikuwa na shati lake la buluu la Alhamisi, na Mama Pasi hakuwahi kujiuliza kwa nini. Halikuwa limefuliwa tangu augue. Alilinusa ukosini, alivyokuwa akinusa ya watu. Hakuna marashi. Kulikuwa na harufu kali ya mafuta ya kuchua, yale ya mgongo na magoti. Akakaa chini kitandani. Kumbe ni mchuaji. Mwanamke anayechua wanaume, na mwanamume wake amekuwa akichuliwa kila Alhamisi, halafu akirudi nyumbani anasema kazi ilikuwa nyingi.

Mama mkubwa wake, aliyemlea, alikuwa akimwambia mambo haya. Mama yako, alimwambia, aliona mwanamume akakuacha hapa ukiwa hata kamasi hujui kufuta. Basi usimwamini mtu, maana aliyekuzaa ndiye wa kwanza kukutupa. Mama Pasi alikua na maneno hayo. Alikuwa amemfungulia Fundi moyo kidogo kidogo, kwa miaka, na bado alipoitwa na mumewe alikuwa akiitika "nini tena?", mpaka Fundi akawa anamtania kwamba siku atakayoitika kwa adabu, dunia itakuwa imefika mwisho.

Akampigia simu wifi yake.

"Ulisema unamtaka kaka yako ukamuuguze kwako."

"Nilisema, ukanijibu kwamba mimi nataka kukutia aibu," alisema wifi.

"Basi njoo Jumamosi umchukue. Na chandarua chake."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna. Nimechoka."

"Wifi, mtu aliyechoka haombi chandarua kiondoke." Lakini alisema atakuja. Sauti yake haikuweza kuficha kwamba alikuwa ameshinda kitu.

*

Banda la Fundi lilikuwa limebanana na la mshona viatu, mwanamume mwembamba ambaye mtaa wote ulimwita Soli. Vitasa vya Fundi vilikuwa bado vimening'inia kwenye msumari, vina vumbi. Soli alipomwona Mama Pasi anavuka barabara, aliinamia kiatu kilichokuwa mikononi mwake kana kwamba kimemwita.

"Shemeji, karibu. Rafiki yangu anaendeleaje?"

"Anaimba. Soli, Alhamisi mume wangu alikuwa anakwenda wapi?"

"Mimi nashona viatu, shemeji. Sishoni habari."

"Sijakuambia ushone. Nimekuuliza."

Soli aliuvuta uzi, akaukata kwa meno, akaanza kutafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake. "Alikuwa anakwenda kwa mteja."

"Mteja gani huyo kitasa chake kinaharibika kila Alhamisi?"

"Huyo kitasa chake hakijawahi kuharibika hata siku moja," alisema Soli, kisha akaonekana kama mtu aliyejidunga. Alitazama kushoto, akatazama kulia. "Shemeji, aliniapisha. Mtu akishikwa na maradhi, kiapo chake si ndiyo kinazidi uzito?"

"Mimi ndiye ninayemwosha, Soli. Mimi ndiye ninayemlisha kwa kijiko. Uzito unaniambia mimi?"

Soli aliweka kiatu chini. "Nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mlango wa buluu. Lakini usiende na hasira."

"Ni mzuri?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke."

Soli alifikiri kwa uaminifu kabisa, na uaminifu wake ndio uliomponza. "Ni mtu wa heshima zake," alisema. "Ukimwona, unavua kofia."

Mama Pasi aliondoka bila kuaga. Angesema ni malaya, ingekuwa nafuu. Malaya mtu anaweza kumtukana. Mtu wa heshima zake unamtukana vipi?

*

Jumamosi asubuhi alimvalisha Fundi shati jeupe, akamlisha uji, akamwacha na jirani mlangoni. Wifi atafika kabla ya mchana. Aliona ni vizuri hivyo: amwone huyo Faraja, amwambie lake, akirudi akute nyumba imeshakuwa tupu. Njiani alipanga maneno. Atamwambia, unataka mwanamume, mchukue alivyo sasa, na kitambaa cha kumfuta mate. Aliyapanga, akayapangua, mwisho yakawa makali vya kutosha.

Nyuma ya mashine ya kusaga unga kila kitu kilikuwa cheupe, ukuta, majani, hata mbwa. Mlango wa buluu ulikuwa wa nne. Kabla hajabisha aliona kitasa. Chini yake, kati ya chuma na ubao, kulikuwa na kipande cha ngozi nyekundu kilichokatwa vizuri, ili mlango ukifungwa kitasa kisilie. Ngozi hiyo ni ya Soli, na kazi hiyo ni ya mtu mmoja tu mjini. Mlango wa nyumbani kwake una kipande kama hicho hicho. Fundi alimwambia siku alipokiweka kwamba hakiweki kwa wateja, ni cha nyumbani tu. Mpaka hapo alikuwa bado, kwa siri, akitumaini kwamba amekosea.

Ndani mtu alikuwa anaimba. Sauti ya mwanamke, ndogo, yenye mkwaruzo.

*Ee Faraja, ingia ndani...*

Akabisha kwa ngumi. Wimbo ukakatika, kiti kikasogea, mlango ukafunguliwa kwa shida. Alikuwa bibi mzee aliyeshika fimbo, amejifunga shuka kifuani, na harufu ya mafuta ya kuchua ikatoka naye mpaka nje. Mama Pasi alikuwa na maneno yake tayari kwenye ulimi. Kilichotoka ni "shikamoo", maana mdomo uliolelewa hauulizi ruhusa.

"Marahaba, mwanangu."

"Namtafuta Faraja. Yuko?"

Bibi alimtazama. Alimtazama viatu, akapanda taratibu mpaka usoni, akakaa hapo muda mrefu, mpaka Mama Pasi akataka kugeuza uso.

"Amefika," alisema bibi.

"Sioni mtu."

"Ingia ndani."

Aliingia kwa sababu alidhani huyo mwanamke yuko chumba cha pili. Hakukuwa na chumba cha pili. Kulikuwa na kitanda, jiko, meza, na viti viwili. Kimoja kilikuwa kinameremeta kwa kukaliwa. Kingine kilikuwa kimesukumwa mezani, kina mto safi. Bibi alikaa kwenye chake.

"Bwana ako hajambo?" aliuliza. "Nimesikia ameanguka, mshona viatu aliniletea habari. Mimi miguu hii hainifikishi. Na hata ingenifikisha, kwako nisingeingia."

"Unanijua mimi?"

"Nilikuzaa."

Mama Pasi hakukaa. Alishika mgongo wa kiti chenye mto, akaubana. Jambo la kwanza alilofikiri, na baadaye alilionea haya, ni kwamba huu ni uongo uliopangwa na Soli.

"Kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini," alisema bibi. "Nimefanya nini mpaka uniamini? Baba yako alipofariki niliolewa tena. Yule mwanamume alinitaka mimi, wewe hakukutaka. Nikakupeleka kwa dada yangu, nikasema ni kwa muda. Nilikuja mara moja. Dada akaniambia nikiondoka unakaa mlangoni nje, hutaki kuingia, hutaki kula. Akasema bora nisije tena. Na Faraja, jina nililokuita mimi, akakataza watu wasilitaje, ubaki na lile la ubatizo."

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali."

Hakuongeza kitu. Mama Pasi alisubiri aongeze, aseme alilia, aseme alilazimishwa, ili apate mahali pa kumshika.

"Na mume wangu?"

"Nilimfuata mimi. Nilisikia umeolewa na fundi vitasa. Nikaenda bandani kwake na kitasa kizima, nikasema kimeharibika. Akakigeuza, akakigeuza, akaniambia, mama, hiki hakina ubovu, sema kilichokuleta." Bibi alicheka kidogo bila sauti. "Alitaka kukuambia siku ile ile. Nikamkataza. Akasema kweli, umeshaapa mbele yake kwamba mama yako akiingia kwa mlango wa mbele, wewe utatokea wa nyuma."

Alikuwa ameapa. Aliyakumbuka maneno yake neno kwa neno, na jinsi Fundi alivyonyamaza baada ya kuyasikia.

"Akawa anakuja kunisomea na kunichotea maji," aliendelea bibi. "Nikamfundisha wimbo wako. Alisema kwa maneno utakataa, kwa hiyo ataanza kwa kukuimbia. Alikuwa anaogopa. Kila Alhamisi ananiambia, mama, wiki ijayo."

"Ule ni wimbo wa kanisa," alisema Mama Pasi. "Si wimbo wangu."

"Ni wa kanisa. Mimi kusoma sijui. Nilikuwa nakubembeleza nao, nikaona nimwite Bwana na wewe kwa pamoja. Mungu aamue mwenyewe aje nani kwanza."

Kisha akaimba, si kwa kumwonyesha, kwa mazoea tu, macho kwenye meza. Vidole vyake vilivyopinda viligonga ubao, kila pigo likichelewa kidogo nyuma ya neno. Mama Pasi aliutazama mkono ule. Alihisi mapigo hayo mgongoni kwake, katikati ya mabega, mahali ambapo mtoto hupigwapigwa ili alale. Na kabla bibi hajafika mstari wa mwisho, mdomo wake yeye ulishasema "mpenzi".

Alilia amesimama. Alilia kwa hasira, kwa sababu ameporwa mambo mengi, na miongoni mwa yaliyoporwa ni chuki yake, ambayo alikuwa ameitunza vizuri. Bibi hakumgusa. Alikuwa na akili hiyo.

"Kaa basi," alisema.

"Sikai," alisema Mama Pasi. "Nina mgonjwa." Alipofika mlangoni akakumbuka Jumamosi, na wifi, na chandarua. Akatoka mbio, mwanamke mzima, mashine ya kusaga unga ikimtazama.

*

Gari la kukodi lilikuwa limesimama mlangoni, dereva amelala. Ndani, mfuko mkubwa ulikuwa umeshafungwa na chandarua kimekunjwa juu yake. Wifi alikuwa anamfunga Fundi kamba za viatu.

"Tulidhani umetukimbia," alisema bila kuinua kichwa.

"Wifi, fungua huo mfuko."

"Nifungue?"

"Rudisha nguo kabatini."

Wifi aliinuka, akamtazama usoni, unga mweupe hadi kwenye nyusi na machozi yamechora njia katikati yake. "Ulinipigia simu wewe mwenyewe. Nimelipia gari. Nimewaambia watoto wangu wahame chumba."

"Najua. Nitawaomba radhi. Fungua."

"Kanisani kwenu wanasema kuna mwanamke," alisema wifi, akishusha sauti ili kaka yake asisikie, na kaka yake akasikia. "Wanasema anaitwa Faraja. Umempata?"

"Nimempata."

"Yukoje?"

Mama Pasi alijifuta uso kwa shati la mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake ya kazi. "Ana wivu," alisema. "Na mdomo mchafu."

Wifi hakuelewa, na hakuelezwa siku ile. Alitoka nje kugombana na dereva, maana lazima agombane na mtu.

Mama Pasi alivuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, chini kidogo yake, akaanza kumfungua kamba za viatu. Alikuwa na hasira naye bado. Mtu anakaa na mama yako Alhamisi zote hizo, akirudi nyumbani anakuambia kazi ilikuwa nyingi. Hilo halifutiki kwa wimbo.

"Alhamisi nitakupeleka," alimwambia. "Nitakufikisha mlangoni. Mimi kuingia, sijui. Usinisukume."

"Haya haya," alisema Fundi.

Alimvua kiatu cha kwanza, akakiweka kando. Juu ya kichwa chake akasikia pumzi ikivutwa, ile ndefu ya mtu anayejiandaa kuimba, na mkono wa kushoto ukainuka, kidole kikamwelekea palepale kilipomwelekea Jumapili.

*"Ee Faraja,"* aliimba Fundi, kisha akasubiri.

Mama Pasi alibaki ameinama, kiatu cha pili mkononi.

"Abee," akaitika.